Baba Yako Hakuwa Amelewa

Mlandege, Iringa
Ijumaa, alasiri

Mwanangu Ambakisye,

Jana nilipopanda juu ya gari lako na kuyatupa chini magunia ya mkeo, mlidhani nimerukwa na akili. Nilimwona Neema akiokota mahindi yaliyomwagika huku analia. Niliwaona majirani wamejaa uani, wanamtazama mwanamke wa umri wangu juu ya paa la lori, kilemba kimeanguka, anasukuma kitanda kwa miguu. Ulisema, "Shuka, mama. Unatuaibisha." Nikashuka. Halafu jioni ukaja kukaa karibu nami jikoni, ukaniambia kwa upole, upole ulioniumiza kuliko kama ungenifokea: "Mama, najua unachoogopa. Lakini mimi si baba. Mimi sinywi."

Tangu uliposema hivyo sijala kitu kikapita kooni.

Naandika wakati mko kwa wakwe zako kuaga. Jua bado lipo, na nataka nimalize kabla hamjarudi, maana mkinikuta na kalamu utaniuliza ninaandika nini, na ukiniuliza nitasema uongo. Nimezoea kukuambia uongo. Mara tatu wiki hii nimefungua mdomo ili nikwambie ukweli. Mara ya mwisho ulikuwa unakula, ukainua macho ukanitazama, nami nikakuuliza kama chumvi inatosha.

Habari za kufua nguo, kula na kusali sitaziandika. Hizo nimezisema tangu ukiwa mdogo, na uliyoyashika umeyashika. Nina jambo moja tu. Baba yako hakuwa amelewa.

Soma tena, mwanangu. Baba yako Asegelile hakuwa amelewa siku ile aliyokufa. Hakulewa siku yoyote niliyoishi naye. Watu wa mtaa huu walikwambia alilewa, wenzako shuleni walikuimbia, na mimi mama yako nilikuacha uamini hivyo kwa sababu ukweli ulikuwa unanihusu mimi.

Gari alilokuwa akiendesha lilifanana na hilo lako. Lilikuwa lori lenye chumba cha mbao mgongoni, watu wakiliita gari la kibanda. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, rafu ya vyombo na dirisha dogo la kioo. Lilikuwa la mzungu mmoja aliyezunguka milimani kutafuta mawe, watu wakamwita Bwana Mawe. Wewe kesho unalipeleka lako Mbeya kwa bwana anayepima misitu. Baba yako alikuwa dereva wa Bwana Mawe miaka sita, kabla ya vita ile kubwa, na miaka yote sita gari lile halikupata hata mkwaruzo.

Tulikuwa tukiishi Mbeya, jirani na ndugu zake. Mimi Mhehe nimeolewa na Mnyakyusa, najifunza kusema "ndaga" kila nikipewa kitu, na watu wananicheka kwa jinsi ninavyoitamka. Baba yako hakunicheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na gari lile alilijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Alinieleza mara nyingi kwamba lori lenye nyumba mgongoni si sawa na lori la mizigo. "Hili limebeba kichwa kizito," alikuwa akisema. "Ukilipinda haraka, kichwa kinakwenda upande wake na miguu upande wake." Kwa hiyo mizigo yote mizito aliiweka chini sakafuni, pipa la maji karibu na ekseli, na juu ya paa hakuweka hata fimbo. Kila alipofika juu ya mteremko alisimama, akashuka, akapapasa rimu moja moja kwa kiganja kuona kama breki zimepata moto. Akakaza bolti zinazoshika kibanda. Halafu akashuka mlima kwa gia ileile ambayo angeupandia.

Asubuhi moja ya baridi kali, ile ya Mbeya ya mwezi wa sita, gari likiwa limeegeshwa nyumbani, niliwasha jiko la mkaa ndani ya kibanda, nikafunga mlango na dirisha ili nipate joto. Nilikuwa nakusubiri wewe, mimba ya miezi saba. Baba yako alinikuta nimeegemea ukuta, kichwa kinagonga, siwezi kuinuka. Akanibeba mpaka nje kwenye majani yenye umande, akanipepea kwa kofia yake. Hakunigombeza. Siku ileile alitoboa tundu mbili ukutani, na jiko akalipeleka nje, likakaa huko siku zote. Neema ni mtu wa baridi kama mimi. Usimwachie jiko humo ndani, hata akikusihi.

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Ulikuwa katika mwaka wako wa tano. Gari lilikuwa limetengenezwa Mbeya, na Bwana Mawe alikuwa Iringa anamsubiri baba yako alilete. Alisema lifike Jumatatu. Na Jumamosi ya kabla yake mama yako mdogo Adelina alikuwa anaolewa hapahapa Mlandege. Nikaona Mungu amenipangia safari. Nilikuwa sijaonana na watu wa nyumbani tangu nilipoolewa, na nilijua walivyosema: amekwenda kuolewa mbali, hana kitu. Nikataka waone nina kitu. Nilinunua kitanda cha chuma, kizima, chenye vishikizo vya shaba, na magunia manne ya mchele wa Usangu. Nikapika pombe ya ulezi, nikaijaza kwenye kibuyu kikubwa, maana mimi ndiye niliyemwahidi Adelina kwamba wageni wake wataonja pombe ya kwetu Mbeya. Pombe ile ilikuwa yangu. Baba yako aliibeba tu.

Kitanda hakikuingia mlangoni mwa kibanda. Baba yako akasema kibaki, atakileta safari nyingine kikiwa kimefunguliwa vipande. Nikakataa. Nikamwambia kiende juu ya paa, na magunia juu yake yakizuie kisicheze.

"Juu ya paa hakiendi kitu, Mama Ambakisye. Unajua."

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira, kwa sauti, ili shemeji zangu wasikie. Nikasema mwanamume mwenye gari anashindwa kumsitiri mke wake mbele ya ndugu zake. Kisha akapanda, akafunga kamba yeye mwenyewe, akazikagua mara mbili, akashuka bila kunitazama.

Tukaondoka Alhamisi. Alikwenda polepole mno, nami kila saa nikiuliza tutafika lini. Tukalala Makambako. Mvua ikanyesha mpaka alfajiri, na asubuhi dereva mmoja aliyekuwa akitokea Iringa akatuambia mbele kuna mteremko umekuwa kama sabuni, yeye ameponea chupuchupu, tungoje. Baba yako akashukuru, akakaa. Tukanywa chai. Saa tatu nikasema twende. Saa nne nikasema twende. Alipowasha gari ilikuwa ni kwa ajili ya mdomo wangu.

Wewe ulikuwa unakohoa, na mbele palikuwa pamebanana, mimi na kibuyu na kifurushi cha nguo zangu za harusi. Kwa hiyo wakati baba yako anazungusha hendeli kuwasha gari, nilikufunga blanketi nikakulaza kitandani ndani ya kibanda. Hilo nalo alikuwa amelikataza. Gari likitembea hakai mtu mle.

Tulipofika juu ya ule mteremko alisimama. Kushoto ni bonde, kulia ni ukuta wa udongo na mawe, na chini kabisa daraja la magogo. Alivua viatu akashuka kwa miguu mpaka darajani, akarudi matope yamefika magotini.

"Tungoje," akasema. "Jua likiwaka kidogo udongo utashika."

"Utangoja mpaka Adelina azae?"

"Basi tushushe vya juu. Tuvibebe kwa mikono mpaka chini, halafu nishushe gari likiwa jepesi."

"Mchele ulowe? Na mimi niingie nyumbani kwetu na matope namna hii?" Hapo ndipo nikasema lile neno. "Madereva wenzako wote wanapita. Labda kazi hii si yako."

Akaingia. Mkono ukiwa kwenye gia akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala nyuma. Mwache, ukimwamsha atakohoa mpaka Iringa. Ni mteremko mmoja tu."

Ambakisye, angeweza kushuka akakutoa. Alikuwa amekwisha kuushika mlango ili ashuke. Mimi nilimshika mkono wa shati nikamrudisha kitini. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiota.

Alitumia gia ya kwanza. Tukashuka kama mtu anayetambaa. Nusu ya njia tairi za nyuma zikaanza kuteleza kuelekea bondeni, na kibanda kikainama. Nikasikia kamba zinalia. Nikasikia kitanda kikihama juu ya vichwa vyetu. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi kwa kuruka, na gari lilikuwa bado taratibu, mtu mwepesi kama yeye angeruka na kupona. Hakuruka, hakupiga kelele. Alisema tu, kama anayejikumbusha, "Mtoto yuko nyuma." Kisha akaukata usukani kulia kwa nguvu zake zote, akalibamiza gari ukutani kwa upande aliokaa yeye.

Gari likasimama. Ukuta haukumuua, mwanangu. Nimelitazama jambo hili kwa miaka mingi, na ukuta haukumuua. Gari liliposimama ghafla, vilivyokuwa juu ya paa havikusimama. Kitanda changu kilikuja mbele na magunia yangu nyuma yake, kikaangukia mahali alipokaa.

Mimi nilikuwa nimerushwa nje, mkono huu wa kushoto umevunjika. Kibanda kilikuwa kimesimama upande, lakini kimesimama. Watu waliokuwa shambani wakaja mbio, wakavunja dirisha wakakutoa. Ulikuwa umepasuka juu ya jicho, unakohoa, unamwita baba yako. Kovu lako si la kuangukia jiwe la jikoni kama nilivyokwambia. Ulilipata mle ndani.

Kibuyu kilipasukia kifuani kwake. Alipofika askari, na baadaye Bwana Mawe, pombe ilikuwa imemlowesha mpaka nywele, harufu imejaa barabarani. Bwana Mawe alivua kofia. Nadhani alikuwa anampenda baba yako. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama, yeye kunywa?"

Nikatazama chini.

Hivyo tu. Sikusema ndiyo. Nilijua nikisema kibuyu ni changu watauliza na kitanda ni cha nani, na nani alitaka tuondoke asubuhi ile, na mtoto amefikaje kibandani. Nikatazama chini, na askari akaandika. Nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba ni mlevi peke yake anayeweza kupakia kitanda cha chuma juu ya paa la gari kama lile.

Tulimleta Iringa. Mchungaji wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alisema hawezi kumzika mtu aliyekufa katika ulevi na kuhatarisha mtoto wake. Basi alizikwa bila sala wala wimbo, nje ya uzio wa makaburi, pale unapopita kila siku bila kugeuza kichwa. Adelina, ambaye harusi yake iligeuka matanga, alininong'oneza, "Dada, na kile kibuyu ulichosema utaniletea?" Nikamjibu kilivunjika. Hajauliza tena mpaka leo, na tunakutana kila wiki.

Siku ya tatu akaja baba yako mdogo, Ambilikile, kutoka Mbeya. Alikuwa amesafiri juu ya mizigo ya lori la watu, vumbi limemfanya mzee. Alikaa mbele yangu akasema, "Shemeji, kaka yangu mimi namjua. Hanywi. Hata ngomani alikuwa anashika maji. Ameanza lini?"

Safari hii sikutazama chini. Nilimtazama usoni nikasema, "Siku hizi tu, shemeji."

Akainuka. Alikwenda akasimama mahali alipozikwa ndugu yake, kisha akaondoka bila kula. Hawakurudi tena watu wale. Ulikuwa ukiniuliza mbona wenzako wana babu na baba wadogo na wewe huna. Unao. Nilikunyang'anya kwa maneno matatu.

Mwanangu, kuna wakati nilijidanganya kwamba nimenyamaza kwa ajili yako, kwamba mtoto akijua mama yake ndiye aliyeharibu atabaki bila mzazi hata mmoja. Si kweli. Niliogopa. Hofu ilinikamata siku ile barabarani, na kila mwaka ulivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Wewe ukakua unamchukia mtu aliyekuokoa. Ulipojifunza gari niliona unavyoshika usukani kwa hasira, kama unayetaka kumwonyesha mtu fulani, nikajua ni nani. Ulipoleta leseni ukasema, "Mimi nitakuwa dereva wa kweli," nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka giza likaingia.

Na jana nikamsikia Neema akisema, akicheka, "Mume wangu, weka na kitanda juu, mama mzazi kanipa, nitaonekanaje Mbeya bila kitanda?" Na wewe ukasema haya, ukatupa kamba. Hapo ndipo nilipopanda. Mwombe Neema radhi kwa niaba yangu. Yeye hana kosa lolote, ni mwanamke anayetaka kufika kwa heshima. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Nakusihi. Ningekuwa naweza kulala mbele ya tairi zako kesho ningelala, lakini ungenibeba ukaniweka pembeni, na ungekwenda. Kwa hiyo nakusihi kwa karatasi hii. Usiache kitu chochote juu ya paa. Usimwache Neema mle ndani gari likitembea, hata akiwa mgonjwa, hata mvua ikimlowesha mbele. Barabara ikiwa matope, keti. Bwana wako akikasirika umechelewa, mwache akasirike. Na mke wako akikuharakisha, akilia, akikwambia maneno ya kuchoma, mwambie kwamba mama mkwe wake alikuwa na ulimi huohuo na hatalala vizuri mpaka afe. Mwonyeshe barua hii. Sioni haya mbele yake. Nataka ajue.

Baba yako alikuwa na udhaifu mmoja tu barabarani, nao ni kwamba alinipenda na hakuweza kuvumilia machozi yangu. Mengine yote aliyafanya sawasawa. Ukitaka kuwa dereva wa kweli, endesha kama yeye, ila usimsikilize mtu kama mimi.

Ukifika Mbeya, ulizia Mwanjelwa kwa Ambilikile, fundi seremala. Nimesikia yu hai. Atakutazama usoni na hutahitaji kujieleza sana, maana umefanana nao. Mwambie shemeji yake alisema uongo. Mwambie kibuyu kilikuwa cha nani. Akikufukuza, vumilia, ana haki. Lakini sidhani atakufukuza.

Barua hii nitakupa mkononi mwako kesho, kabla hujawasha gari. Isome yote ukiwa umekaa. Kama baada ya hapo hutaki kuniaga, usiniage, nenda tu, nenda polepole. Nitakuwa ndani. Sitatoka nje kukulilia mbele za watu, nimekwisha kukulilia vya kutosha kwa faida yangu mwenyewe.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mchungaji huyu wa sasa nikamweleza yote. Akaniuliza kama nataka aniombee tu kimya kimya, yaishe. Nikasema hapana, jina la mume wangu halikuharibiwa kimya kimya. Jumapili baada ya ibada atanipa nafasi, nami nitasimama mbele ya watu wote nitamke kwamba Asegelile hakunywa, na kwamba nataka azikwe upya kwa sala, ndani ya uzio, pamoja na wenzake. Adelina nimemwambia. Alilia, akasema atasimama kando yangu.

Wewe utakuwa Mbeya. Habari zitakufikia, madereva wanabeba habari kuliko mizigo. Utasikia mezani, kwenye hoteli za njiani, watu wakisema mwanamke mmoja wa Mlandege alimuua mumewe akamwachia na aibu. Watasema maneno mabaya zaidi ya hayo. Nakuomba kitu kimoja tu cha mwisho, Ambakisye. Usinitetee. Waambie wewe ni mtoto wa yule dereva.

Mama yako